Makuti ya Mwanaesha

Chovae, Alhamisi

Mara tatu leo jirani yangu Mwanaesha amefumua kuti nililoshona. "Hili litavuja, shoga. Shona tena." Vidole vyaniuma, na ni mimi niliyewaita wanawake wote waje kumshonea!

Nilikasirika hasa. Kisha nikakumbuka: tangu nyumba yake iungue, mwezi mzima analala kwangu na wanawe, hajasema ila "ahsante", kwa sauti ya mgeni. Niliogopa kwamba shoga yangu yule wa kuamrisha watu hatarudi tena.

Alasiri wanaume wakamaliza kuezeka nyumba yake mpya. Mwanaesha akaingia, akatazama juu, asione hata tundu la jua. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akatufokea: "Mwangoja nini huko nje? Ingieni kwangu!"

Kwangu! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.