Kuhusu Chiriku na Fomu Niliyoificha

Karakana ya Useremala,
Nyuma ya Kituo cha Mabasi,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Hujambo? Miguu yako imeacha kuvimba? Uliniambia zamu za wodini zinakusimamisha tangu asubuhi hadi jioni, na tangu siku hiyo kila nikimwona muuguzi amesimama natamani kumvutia kiti. Tafadhali, ukipata nafasi ya kukaa, kaa.

Sisi huku hatujambo. Mgongo unanisumbua kidogo nikiinama kwenye randa, lakini wifi yako ana chupa yake ya mafuta ya kuchua na mikono isiyo na huruma. Mama yu mzima, anakula vizuri, ila siku hizi anasikia pale tu anapotaka mwenyewe.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Ukurasa mzima umemshukuru mama mpiga picha kwa alivyomnoa binti yako Chiriku kwenye besiboli, ukamwombea maisha marefu na macho yasiyofifia. Mimi nimepata mistari miwili, na mmoja unauliza kama paa la choo limeshazibwa. Limezibwa.

Ningekuwa mtu wa kukunja roho ningeishia hapo. Lakini nina jambo la kukuambia, na si dogo. Chiriku analijua, wifi yako analijua, mama mpiga picha mwenyewe analijua. Umebaki wewe tu, na wewe ndiye uliyeniachia mtoto.

Nianze tangu mwanzo, maana barua zako zinaonyesha unajua nusu. Miaka minne iliyopita, ulipomleta kwangu akiwa na umri wa miaka tisa na mdomo usiofungwa, hakuna aliyekuwa na habari na besiboli humu ndani. Watoto wa mtaa ndio walioanzisha timu kwenye kiwanja nyuma ya kiwanda cha sabuni, wasichana na wavulana pamoja. Nilimchongea gongo la kupigia kwa mbao nyepesi, nikalipiga msasa mpaka likawa laini kama kijiko. Kila jioni, kabla sijafunga karakana, nilimrushia mipira uani. Nilimfundisha kusimama imara, kuzungusha kiuno, kupiga kwa nguvu. Nilimtengenezea na kigingi cha kuwekea mpira. Mpira ukitulia juu ya kigingi, Chiriku aliupeleka ng'ambo ya ukuta, na mara mbili ulitua kwenye karai la jirani la kufulia.

Kwa hiyo usinione kichaa nikisema kwamba mtoto huyu wa besiboli nilimlea mimi.

Shida ilianza mwaka jana, warushaji wa timu nyingine walipokua na kujifunza hila. Mpira unakuja kama umenyooka, ukikaribia unapinda na kuzama. Mwingine unatupwa kwa mkono ule ule wa kasi lakini unachelewa njiani. Chiriku alikuwa anakata hewa. Mchezo mmoja alizungusha gongo mara tisa na hakugusa kitu. Mimi nilikuwa pembeni nikipiga kelele, "Kaza macho! Kaza macho!" mpaka sauti ikanikauka. Alitoka uwanjani ameinamisha kichwa, na njia nzima hakusema neno. Unamjua mwanao. Alipokaa kimya namna ile niliogopa kama ameugua.

Siku hiyo mama mpiga picha alikuwa amekuja kuipiga timu picha. Ana studio ndogo karibu na posta, anapiga picha za pasipoti na za maharusi. Nilikuwa namfahamu kwa sura tu. Sikujua kwamba ujanani aliwahi kucheza mchezo huu miaka sita. Akanijia taratibu na kamera yake shingoni.

"Huyu binti haoni vibaya," akaniambia. "Anaamua kupiga kabla hajaona."

Nikamjibu kwamba macho yake tumeshayapima. Akatabasamu tu. Tangu pale sikulipenda lile tabasamu.

Akaomba awe anafanya naye mazoezi siku tatu kwa wiki. Wifi yako akakubali kabla sijafungua kinywa. Na unajua jambo la kwanza alilofanya? Alimnyang'anya gongo. Kwa wiki mbili nzima Chiriku alisimama mbele ya mrushaji mikono mitupu, mpira unampita, kazi yake ni kutaja tu: huu wa kasi, huu wa kupinda, huu uko nje, usipigwe. Nikasema mezani kwamba nimesikia mengi, lakini fundi kujifunza kupiga msumari bila nyundo sijasikia. Chiriku akacheka kwa adabu, ile adabu ambayo watoto wanawapa wazee.

Baadaye ikaja mipira yenye vidoti vya rangi, vyekundu na vya buluu, vidogo kama punje ya mtama. Unarushiwa, unataja rangi kabla mpira haujakufikia. Halafu picha. Mama huyu aliwapiga warushaji picha mkono unapoachia mpira, akawa anamwonyesha Chiriku moja moja, anaifunika haraka, anauliza, "Utakwenda wapi?" Chiriku alirudi nyumbani anatufundisha sote. Ukiona kifundo cha mkono kimegeuka hivi, ni wa kupinda. Ukiona mpira umeruka juu kidogo ulipotoka mkononi, utazama. Mama yetu, ambaye hasikii akiitwa kula dawa, alikuwa anasikiliza haya yote na kuuliza maswali.

Mdogo wangu, niliona wivu. Sina jina jingine la kuupa. Kila sentensi mezani ilianza na "mwalimu kasema". Mwalimu kasema nisogeze mguu wa nyuma. Mguu huo niliuweka mimi pale ulipokuwa, kwa chaki, kwenye sakafu ya karakana. Hata alama ya chaki, Chiriku aliisogeza mwenyewe bila kuniuliza.

Nikajaribu kushindana. Nilichukua rangi ya kupaka madirisha, nikapaka mipira yangu minane, nikamwita uani. Akataja zote bila kukosa. Nikafurahi. Akaniambia kwa upole, "Mjomba, alama zikiwa kubwa hivi hata bibi anaziona kutoka jikoni." Na kweli, kutoka jikoni mama akasema, "Huo mwekundu."

Nikaanza kwenda kuwachungulia kiwanjani. Mtu mzima mwenye mvi nimejibanza kwenye kona ya ukuta wa kiwanda, najidai nasubiri mteja. Niliona Chiriku anakosea na kucheka. Kwangu akikosea alikuwa anaomba radhi. Hilo liliniuma kuliko yote, na badala ya kujiuliza kwa nini, nikamchukia mama wa watu.

Sasa nafika pabaya.

Mwezi uliopita ilikuja fomu ya majaribio ya kambi ya vijana. Timu zote zilitaja majina, na kwetu mama mpiga picha alimtaja Chiriku. Alileta fomu karakana akiwa na haraka ya kusafiri siku chache, mimi niko peke yangu, akaniomba nitie sahihi kama mlezi na kuipeleka ofisi ya michezo isizidi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nikasema sawa. Alipotoka nikaisoma. Chini, kwenye mstari wa mkufunzi wa mchezaji, palikuwa na jina lake. Miaka minne yangu haikuwa na mstari.

Niliiweka chini ya makopo ya gundi. Nikajiambia nitaitia sahihi nikimaliza kabati la mteja. Kabati likaisha, nikajiambia kesho. Sikusahau hata saa moja. Kila nilipochukua gundi niliiona.

Chiriku akasikia wenzake wa timu nyingine wameshapata fomu. Alisubiri siku moja, mbili, tatu. Ya nne akaja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akaniuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia, namnukuu huyu mjomba wake neno kwa neno: "Labda mwalimu wako kaona mwingine aliye bora. Usijali. Mimi nipo."

Hakulia mbele yangu. Aliacha kwenda mazoezini. Siku mbili mfululizo alikuja kwangu uani kama zamani, nikamrushia mipira, na nilikuwa na furaha. Nataka ulijue hilo, maana ningeweza kulificha na usingejua kamwe. Mtoto ameumia, na mimi nilikuwa napiga mluzi.

Alhamisi yenyewe, saa tisa na nusu mchana, mama mpiga picha akaingia karakana. Chiriku alikuwa hapo hapo, anafagia maranda.

"Mbona siku hizi humleti?" akaniuliza. "Na fomu ulishaipeleka? Leo ndiyo mwisho."

Chiriku akaacha kufagia. "Fomu gani?"

Mama yule akanitazama, na akaelewa. Niliona ameelewa. Nilitamani anitukane ili nami nipate pa kushika. Akasema tu, "Ofisi inafungwa saa kumi."

Nikainua makopo mbele ya mwanao. Karatasi ilikuwa imepata duara la gundi pembeni. Nikatia sahihi, nikakimbia na aproni yangu, maranda kichwani, mpaka ofisi ya michezo. Karani aliipokea saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Aliuliza duara lile ni la nini. Nikamwambia ni uzembe wangu.

Niliporudi Chiriku alikuwa ameenda nyumbani. Kwa siku nne nilipata shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, na katikati hakuna kitu. Chiriku huyo, ambaye anaongea hata akipiga mswaki. Wifi yako naye alinipakulia chakula bila kunitazama.

Siku ya tano nilimfuata kibarazani alipokuwa anashona glavu yake. Nikamwambia nilimwonea wivu mwalimu wake, na kwamba nilipomwambia kuna aliye bora nilimdanganya nikijua. Akaendelea kushona.

"Mimi nilidhani ni kweli," akasema. "Nilidhani hata macho yangu yananidanganya."

Nikamwomba msamaha. Akasema ameusikia. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha. Kisha akasema, "Mama lazima ajue. Lakini mimi sitamwambia. Mwambie mwenyewe." Ndiyo maana unasoma barua hii. Nimechana mbili kabla yake, ambazo zilikuwa za uongo.

Majaribio yalikuwa jana. Nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa na kufunga mdomo. Mrushaji aliyempata alikuwa mvulana mrefu, mkono kama mjeledi. Mpira wa kwanza ukaja, Chiriku akauacha. Wa pili akauacha. Mtu wa mbele yangu akasema huyu msichana anaogopa. Mimi nilikuwa natazama uso wake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kile alichokuwa anafundishwa wiki zile za mikono mitupu. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anausoma mkono wa yule mvulana kama unavyosoma cheti cha dawa. Mipira minne mibaya ikampita, na kwa kanuni ya mchezo akapewa kituo cha kwanza bila kupiga. Hakuna aliyeshangilia, maana machoni pa watu hakufanya kitu.

Zamu yake ya pili ya kupiga, mvulana akajaribu ule wa kuzama. Niliuona ukiruka juu kidogo ulipotoka mkononi. Ndiyo, na mimi nimeshajifunza, kwa kuchungulia. Chiriku akasubiri, akasubiri mpaka nikashika benchi, ndipo akaupiga. Ulipita juu ya vichwa vya wote mpaka kwenye nyasi ndefu.

Alipofika kituo cha pili aligeuka kutafuta mtu jukwaani. Alimtazama mama mpiga picha. Sikudanganyi, ilinichoma pale pale, mbichi kama siku ya kwanza. Lakini mikono yangu ilikuwa inapiga makofi, na niliiacha iendelee.

Wamechagua saba, na yeye ni mmoja wao. Kambi ni wiki mbili, inaanza tarehe ishirini na moja. Kila mtoto anaruhusiwa mtu mzima mmoja wa kumsindikiza na kukaa naye. Jana jioni nilimuuliza angependa nani. Nilijua jibu, lakini nilitaka aulizwe. Akamtaja mwalimu wake. Nikamwambia ni chaguo zuri, na leo baada ya chakula cha mchana nilikwenda studio kumwomba mama huyo rasmi, na kumwomba radhi. Amekubali yote mawili. Aliniuliza kama naweza kuwarushia watoto mipira Jumanne ambazo yeye ana wateja. Nimesema nitafikiria, lakini nadhani nitakwenda.

Sasa uamuzi ni wako. Ukiona mtoto ahamie kwa dada yetu mkubwa, sitabisha wala sitakununia. Nitambebea sanduku mwenyewe. Ukiona abaki, nitakushukuru maisha yangu yote. Ninachokuomba ni kimoja: ukimpigia simu, zungumza naye yeye kwanza, na umuulize anataka nini. Mimi nilisahau kumuuliza.

Wifi yako anakusalimu sana na anasema mafuta ya kuchua atakutumia akipata msafiri. Mama anakubariki, na anataka ujue kwamba vidoti vyote alivitaja sawa. Dada mkubwa anakupa salamu, na yule binamu yetu kinyozi anauliza kama bado unacheka kwa kukoroma. Mama mpiga picha anakusalimu pia. Nimeziandika salamu zake kwa mkono wangu mwenyewe.

Mungu akulinde njiani na kazini, awape nafuu wagonjwa wako, na akurudishe kwetu ukiwa salama.

Ni mimi kaka yako, mwenye wivu na mwenye kukupenda,

Seremala