Zizi la Mviringo

Malolo, Kilosa
5 Februari 2024

Mwanangu Mhoja,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko Mikumi? Kifua kimepona? Sisi tu wazima, Mungu anatulinda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka baba yako aje akuchukue, uache shule kwa sababu ya hesabu. Unasema mwalimu mpya, Evance, haonyeshi mfano ubaoni. Anawapa tatizo, kisha ananyamaza: mna uzio wa mita arobaini na nne, tengenezeni bustani kubwa kuliko zote. Nawe unajiona mjinga kuliko darasa zima.

Mwanangu, mimi niliishia darasa la nne, kanuni sizijui. Ila tulipohamia hapa kutoka Shinyanga, baba yako alijenga zizi la miiba, la pembe nne. Ng'ombe wakabanana, mmoja akabaki nje. Bibi yako akamcheka: "Bundala, pembe zako zinakula miiba bure!" Tukabomoa, tukazungusha miiba ile ile mviringo. Wote wakaingia, wakalala.

Kwa nini? Sijui. Ukijua wewe, nifundishe. Baba anasema atakuja mwisho wa mwezi. Nakuombea.

Mama yako,
Marciana

Mikumi
19 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona. Baba hajambo?

Makundi yote yalichora pembe nne. Nikanyoosha mkono, nikasema mviringo. Mwenzangu Seni akadakia: "We Mhoja, hapa tunapanda mchicha, hatufugi!" Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema neno moja tu: "Thibitisha."

Mama, tukatoka uwanjani na kamba ya mita arobaini na nne. Nikapima mita nane kutoka katikati, kamba haikufika. Nikapima sita, ikabaki. Nikakaa chini, karibu nilie. Mwalimu hakunisaidia! Nikajaribu saba: kamba ikakutana, ncha kwa ncha.

Bustani ya mraba ilikuwa mita za mraba mia moja ishirini na moja. Yangu mia moja hamsini na nne! Seni alikokotoa mara mbili, akasema, "Basi, Mama Mchicha, nifundishe."

Mwambie baba asije.

Mwanao,
Mhoja

Malolo, Kilosa
27 Februari 2024

Mwanangu Mhoja,

Bwana apewe sifa! Hujambo? Sisi hatujambo, ila majirani wamechoka kusomewa barua yako. Baba yako ameniamuru niirudie pale pa kamba, kisha akatoka nje kuwaangalia ng'ombe kama anawaona leo.

Haji tena kukuchukua. Lakini tuna ugomvi hapa. Tunajenga zizi la mbuzi nyuma ya nyumba, kwa hiyo upande mmoja ukuta upo tayari. Miiba inatosha mita ishirini na mbili. Baba anataka nusu mviringo, mimi nataka pembe. Hatusemeshani tangu juzi, tunacheka tu. Tumekubaliana wewe ndiye utakayeamua.

Usimuulize mwalimu. Tafuta mwenyewe, uniandikie umefikaje. Tafadhali nijibu haraka, mbuzi wamelala jikoni kwangu.

Mama yako,
Marciana