Kikao cha Dharura Kuhusu Ukurasa wa Mwisho Uliofichwa

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA KIKUNDI CHA MAIGIZO, JUMATANO, SAA 9:20 ALASIRI, CHUMBA CHA NYUMA CHA DUKA LA VITAMBAA

Waliohudhuria:
Mwalimu mstaafu – Mwenyekiti
Fundi Saa – mwandishi wa tamthilia
Kinyozi – anaigiza Kaka
Muuza dawa – Katibu, anaigiza Dada, mhusika mkuu

Hakuhudhuria:
Mama Mapazia – kwa udhuru, pazia halijaisha

KUMB. NA. 1/12: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa kifupi kwa kuwa onyesho ni keshokutwa. Yeye mwenyewe alichukua dakika ishirini.

KUMB. NA. 2/12: DOSARI ZA TAMTHILIA
Mwenyekiti alieleza kwamba sehemu ya pili haina mgogoro, "watu wanakunywa chai tu," na kwamba sadfa zimezidi: haiwezekani kila mtu akutane na kila mtu sokoni. Fundi Saa alijibu kwamba yeye hukutana na Mwenyekiti sokoni kila siku na hajawahi kufurahia. Kinyozi alicheka. Mwenyekiti aliagiza kicheko hicho kiandikwe. Kimeandikwa.

KUMB. NA. 3/12: UKURASA WA MWISHO
Ilikumbushwa kwamba kwa desturi ya kikundi, mwigizaji mkuu haonyeshwi ukurasa wa mwisho hadi siku ya onyesho, ili taharuki impate yeye kabla ya watazamaji. Katibu aliomba desturi hiyo ivunjwe. Alieleza kwamba tamthilia inahusu dada aliyemfukuza kaka yake siku ya msiba wa baba yao, na kila mjumbe anajua hayo ni ya nani. Kaka yake Katibu ana mwaka wa sita hajulikani alipo. Tangu wiki iliyopita, Katibu akiingia, wajumbe wananyamaza. Mwenyekiti mwenyewe hufundisha kwamba wengine wakijua jambo na mhusika halijui, hicho ni kinaya. Kisha Katibu akauliza: "Fundi, Kaka anakufa mwishoni? Umesikia nini?"

Mwenyekiti alisema maswali yapitie kwake. Katibu alimwomba anyamaze kidogo.

Fundi Saa alikiri kwamba mwezi uliopita alimkuta kaka huyo mji wa pili, mzima wa afya, anatengeneza majokofu. "Nikampa tamthilia aisome. Nikamwomba siku ya onyesho aingie mlangoni yeye mwenyewe, kiwe kilele cha kweli. Akakataa. Kasema, 'Aliyenifukuza ni dada. Aniite yeye.' Katibu, ule ukurasa ni mtupu. Sina mwisho."

Kinyozi aliuliza yeye basi ataigiza nini keshokutwa.

Fundi Saa alitoa namba ya simu ya kaka huyo kwenye kipande cha karatasi. Mwenyekiti alisema jambo hili halipigiwi kura. Katibu anaogopa, na anaandika hivyo wazi. Mwandiko usamehewe.

KUMB. NA. 4/12: KUFUNGA
Sehemu hii naandika mimi Mwenyekiti. Katibu yuko nje na simu. Iliita mara mbili, haikupokelewa. Ya tatu imepokelewa. Tunamwona dirishani, amechuchumaa, kashika kichwa, anasema maneno mawili matatu halafu anasikiliza. Kinyozi alitaka dirisha lifunguliwe tusikie. Nimekataza. Kikao kimefungwa saa 11:05 jioni.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: Hajasaini. Bado wanaongea.