Pumzi Kabla ya Neno la Mwisho

14 Mtaa wa Capel,
Cwm Derwen, Wales.
9 Mei 1982

Mpendwa Mama Mdogo Mair,

Pokea salamu zetu huko Australia. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi wazima, ila Bibi na magoti yake.

Unaikumbuka ile tamthilia ya televisheni niliyokuandikia nikiwa na mimba ya Carys? Waigizaji hawakuimba wenyewe. Walifumbua vinywa tu, zikatoka sauti za santuri za zamani. Muuguzi mmoja alifumbua kinywa, akatoka marehemu mama akiimba. Bibi aliangusha kikombe. "Olwen! Umeingiaje humo?" Kwangu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia, maana aliniacha mchanga, na nakala ya Bibi ya santuri aliyoimba ilizikwa naye. Kabla ya neno la mwisho la wimbo, "njoo", mama alivuta pumzi, kama mtu aliyeona kitu mlangoni.

Basi Wamarekani wameitengeneza upya, filamu kubwa ya sinema. Jumamosi mchana tukaenda, Carys nimempakata. Nilitamani mno kumsikia mama tena. Lo! Ile wodi ya tamthilia yetu, ya rangi ya uji, kwao ina ngazi za dhahabu, na wauguzi wanacheza meno nje. Wa kwetu walitisha kwa kule kutulia. Na wimbo kaimba mwanamke mwingine, sauti safi, moja kwa moja hadi mwisho. "Huyu kameza kengele," Bibi akanong'ona. "Hapumui?" Nikalia gizani.

Hapo Carys akafumbua kinywa. Unajua ana miaka mitatu na hajatamka neno hata moja, na daktari anasema tungoje tu. Aliimba wimbo ule ule, Mama Mdogo, bila maneno, polepole kuliko yule Mmarekani. Karibu na mwisho akavuta pumzi, akatazama mlangoni, akanyamaza.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilitazama.

Sasa anaimba kila asubuhi, anaishia pale pale kwenye pumzi. Bibi hataki kabisa. "Mzibe mdomo, Nerys! Unajua atamwita nani?" Mimi naogopa pia, lakini mwanangu yu karibu kusema.

Najua wewe unayo nakala nyingine ya santuri ya mama. Nilitaka kuiomba. Usiitume kwanza, neno lile Carys alitoe mwenyewe. Akisema "njoo", nitakuwa nimekaa karibu yake. Nitaitika mimi.

Msalimie Baba Mdogo Idris na Bronwen. Mungu awafunike usingizini na mkiamka.

Mwanao akupendaye sana,
Nerys