Mtoto wa Ng'ambo ya Bonde

Suweida, 9 Machi 1986

Dada Nazira,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani mwako. Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukomoa. Hunijui; jina langu Ibtisam. Barua hii nimewapa watu wa Msalaba Mwekundu waivushe, maana mpaka umefungwa na posta kati yenu na sisi hakuna.

Nina mtoto, Wajdi, ana miaka minne. Tangu aanze kusema ananiambia mimi siye mama yake. Mama yake ni Nazira wa Majdal Shams, na yeye ni Fayez, aliyeuawa vitani Lebanoni. Sisi tunaamini roho ya aliyekufa huzaliwa tena, na watoto wanaokumbuka maisha yao ya kwanza tumewasikia wengi, lakini huyu kanishinda. Anasema punda wa baba yake aliitwa Waziri, kwa kuwa alikula bila kufanya kazi. Ni kweli?

Mdogo wako,
Mama Wajdi

Majdal Shams, 2 Mei 1986

Mdogo wangu Mama Wajdi,

Hujambo? Mtoto hajambo? Mimi nilikuwa mgonjwa, leo nimekula.

Ya punda ni kweli, na mzaha ule haukuwahi kutoka nje ya ua wetu. Fayez alivuka kwenda kusoma Dameski, vita vikamla, wala kaburi lake sijaliona. Tangu Waisraeli waiteke milima hii mwaka sitini na saba, wanafunzi tu ndio huvushwa, mimi kuja huko siruhusiwi.

Nakuomba, Ijumaa moja mlete kilimani watu wanapoitana kwa vipaza sauti, sisi huku, ninyi kule, bonde la mabomu yaliyotegwa ardhini katikati. Nisikie sauti yake tu. Usiogope, sitamnyang'anya. Kwani nina mabawa?

Dada yako,
Mama Fayez

Suweida, 30 Juni 1986

Bi Nazira,

Salamu, kwa sababu nimelelewa.

Nilikuwa na wivu, sikufichi, lakini nilimleta. Njia nzima anaimba ndani ya shati jipya. Ulipomwita "Fayez wangu" alicheka mpaka wazee wakalia. Nikainama kubadilisha betri za kipaza sauti, ndipo nikakusikia mbele ya watu wote: "Mimi si mama yako! Mwanangu amekufa! Rudi kwenu!" Mtoto nilimkuta kwenye waya wa mpaka. Tangu siku ile hali chakula wala halali usingizi. Una moyo gani wewe mwanamke?

Mama Wajdi

Majdal Shams, 11 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Natumaini sasa anakula. Mimi hali yangu usiiulize.

Ulipoinama alikuponyoka. Sisi wa huku tulimwona, ninyi mlikuwa mnaangalia mbali. Alikuwa ameshapenyeza kichwa na mabega chini ya waya, anakuja kwangu, na mbele yake ni mabomu matupu. Tulipiga kelele wote, "Simama!" Akacheka, akadhani tunamshangilia. Ningemwita kwa upole angezidi kuja. Nikatafuta neno la kumkatisha tamaa, nikapata hilo moja. Alisimama, Ibtisam. Akanitazama, akarudi nyuma.

Usimwambie ukweli, maana akijua nampenda atakuja tena. Mwache anichukie, akue akiwa wako. Fayez nilimruhusu kuondoka huku namwombea heri, akafa. Huyu nimemfukuza, na yu hai.

Barua hii usinijibu. Nikipata habari zake nitarudi kilimani kumwita.

Nazira