Uraia Ulioukataa

Baba Manka, mtani wangu,

Nakuandikia jikoni, nimekaa upande wangu wa meza. Upande wako hakai mtu. Juzi fundi wa boila alitaka kuvuta kiti chako nikamwonyesha kingine, akafikiri hicho ni kibovu. Ndege zinapita juu ya nyumba kama kawaida ya Hounslow, hapa London kando ya uwanja wa ndege, moja haijamaliza kelele zake nyingine inaanza. Ulikuwa ukisikiliza kidogo halafu unataja imetoka wapi. Nikikuambia unadanganya, unajibu bila kuinua macho, "Mpare, nipeleke mahakamani."

Nina neno la kukuambia na nimelichelewesha. Manka amechukua uraia wa Ayalandi, na cheti chako cha kuzaliwa nilimpa mimi. Najua ulichosema. Nayaandika na mengine ambayo wewe unayajua, kwa sababu Manka atasoma, na watasoma na watu ambao hawakukufahamu.

Baba yako alikuwa Mwairishi aliyekuja Kilimanjaro kufunga pampu za maji kwenye mashamba ya kahawa. Alikaa na mama yako, ukazaliwa wewe, akaenda bomani kuandikisha jina lake kama baba. Halafu kabla hujajua kutembea akaondoka. Hakuaga. Hakuacha mahari, hakuacha hata mbuzi mmoja kwa babu yako. Na kwenu kihamba, shamba la ukoo, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, kwa hiyo ukakua katikati ya migomba ya watu. Binamu zako walikuita Mwana wa Pampu. Aliyekuokoa ni mjomba wako mkubwa, aliyekata kona ya shamba lake mwenyewe akapanda mimea ya masale kuizunguka iwe mpaka, akasema mbele ya wote, "Sale likishika mizizi, hakuna wa kumng'oa huyu."

Ulinisimulia hayo tukiwa wachumba, na mimi badala ya kukuhurumia nikakutania, kama Mpare anavyomtania Mchaga. Nilikuambia, "Kwa baba Mzungu, kwa mama Mchaga wa kona. Mimi babu zangu wawili na bibi zangu wawili wote Wapare wa Same, sikuazima hata robo." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Ndiyo maana mko wabishi," ukasema. "Damu yenu haijawahi kupata hewa." Nadhani ulinioa kwa sababu ya siku ile. Watu wengine walikuwa wakisikia habari ya baba yako wanashusha sauti.

Unamkumbuka yule mwenzako wa kupakia mizigo uwanja wa ndege? Alikuambia kwamba baba akiwa amezaliwa Ayalandi, mtoto ni wa kule bila hata kuomba, ni kwenda kuchukua pasipoti tu. Ulirudi nyumbani ukala kimya. Nikafikiri umegombana na msimamizi. Ulipomaliza ukasukuma sahani, ukasema, "Mama Manka, mtu ameondoka bila kuaga, leo mimi nikapige hodi kwao?" Nikakujibu huo ni uamuzi wako. Ukasema cheti kikae kwenye sanduku na asikiguse mtu. Nikasema sawa.

Kwa hiyo tukaendelea kupanga foleni ndefu ya pasipoti. Kila tuliporudi kutoka nyumbani, Manka na pasipoti yake ya Uingereza alipita upande wa haraka, sisi na zetu za Tanzania tukabaki tukisogea na mabegi. Alipokuwa mdogo ulimruhusu apite na mama fulani wa kanisani tuliyesafiri naye. Tulimwona ng'ambo ya vile vizuizi amesimama na begi lake dogo la mgongoni, anatutafuta kwa macho. Ulimpungia mkono muda wote. Ulisema asije akadhani tumemwacha.

Na lile sale. Tulikuwa tumeingia dukani kununua balbu, ukapotelea upande wa mimea ya ndani, nikakusikia unaita kwa sauti ya kijijini kabisa, "Mama Manka! Njoo uone, wanauza msamaha!" Lilikuwa sale lile lile la kwenu, kwenye chungu cha plastiki, limebandikwa bei. Binti wa dukani akaja kuuliza kama kuna tatizo. Ungemweleza vipi? Ungemwambia kwamba kwenu jani hilo ni mpaka wa shamba, na pia ni ombi, kwamba mtu aliyekosewa akiletewa jani la sale lililofungwa fundo hawezi kukataa kusamehe? Ukamwambia tu, "Zuri sana." Ukalipakata kwenye basi hadi nyumbani. Jioni hiyo ulimfundisha Manka kufunga fundo, naye akawa anakusikiliza kwa Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Ulipokufa tulikurudisha Kilimanjaro. Mjomba hakuwepo tena lakini kona ilikuwepo, na masale yake. Mtani wako wa kwanza duniani ni mimi, ila mfiwa hatanii, kwa hiyo kazi yangu ikafanywa na ndugu zangu waliotoka Same. Mama mmoja alisimama kando ya kaburi akapaza sauti, "Mchaga, jibane huko! Kona yenyewe ndogo, na mkeo naye atataka nafasi!" Watu wakacheka na kulia. Mimi nilitaka kumjibu kwa niaba yako. Jibu nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

Basi, Manka. Amepata kazi ya maabara Uholanzi. Zamani pasipoti ya Uingereza ingemtosha, sasa haitoshi, maana Uingereza imetoka Umoja wa Ulaya na Ayalandi imebaki. Akakumbuka babu yake. Alikuwa ameshaulizia, ameshalipia nakala ya cheti cha babu kutoka kule, imeshakuja kwa posta. Kilichobaki ni cha kwako. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akala wali wake, akaniomba.

Nikamwambia, "Baba yako alikataza."

Ilikuwa kweli. Lakini wewe sikufichi kitu. Wakati ule sikuwa nalinda neno lako. Nilikuwa naiona Jumapili ijayo, na nyingine baada yake, nikipika wali kikombe kimoja. Neno lako lilikuwa karibu nikalishika, kama mtu anavyoshika mlango pale basi linapokata kona. Ningeweza kulishikilia mwaka mzima na hakuna ambaye angenilaumu. Mjane anayetii neno la mumewe, nani atamsema?

Manka akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kuchagua neno moja moja, "Alikataza kwa ajili yake. Alikataza na kwa ajili yangu?"

"Hakusema."

"Babu aliondoka hajaaga. Mimi si naaga? Mama, hapa nilipo naaga!"

Nikaosha vyombo, naye akaondoka kuwahi treni.

Jumapili iliyofuata alifika kabla sijatoka kanisani, maana ana ufunguo. Nilipoingia nilimkuta amekata jani kwenye lile sale lako, amelifunga fundo, amelilaza mezani upande wako. Fundo lenyewe la kamba za viatu, lina masikio mawili. Nikashindwa kujizuia, nikacheka.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi Mpare. Sale halinishiki. Na hujanikosea chochote."

"Sijakuletea wewe," akasema. "Nimemletea baba. Kwa sababu ninakwenda kufanya alichokataa."

"Sasa umekosea tena. Mkosaji halipeleki mwenyewe. Baba yako hakukwambia? Hutumwa mtu mzima, mtu anayeheshimiwa na wote wawili."

Aliniangalia. Ana yale macho yako ya kusubiri mtu amalize kubishana. "Basi peleka wewe," akasema. "Kuna mtu mzima mwingine hapa?"

Baba Manka, nilikaa. Nilikuwa nimemfundisha mtoto sheria nikidhani naahirisha, kumbe najifunga mwenyewe. Huyo ni Mchaga. Nimebishana na Wapare maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunishinda kwa sentensi moja. Nikapanda juu, nikafungua sanduku, nikamletea cheti. Nilikipitishia mkono mara moja kabla ya kumpa, maana jina lako limeandikwa kwa wino unaofifia.

Kwa hiyo jani limeletwa, na aliyelileta ni mimi. Kwa desturi yenu huna ruhusa ya kukataa, lakini mimi nakuomba kama mke, nje ya desturi. Usimkasirikie. Hakwenda kupiga hodi kwa yule mtu. Amepita uani kwao akachukua njia, basi.

Pasipoti ilipokuja alinionyesha. Nikamuuliza kwa mzaha kama na mimi naweza kupata yangu. Yeye hakujua ni mzaha, akaanza kutafuta kwenye simu, akatafuta kwa bidii. Mwisho akasema polepole, "Hapana, Mama. Wewe huna babu wa kule. Na Baba hayupo." Nikamwambia nilikuwa natania. Lakini usiku nikafikiri: kama mwenzako wa mizigo alisema kweli, basi wewe ulikuwa wa kule siku zote, upende usipende. Nimelala na Mwairishi miaka yote na sikujua. Sasa wewe na mwanao mna nchi moja, na mimi nikitaka kuiona nitaomba viza.

Nimemsindikiza uwanjani. Ni mwendo mfupi tu wa basi, wewe unajua, ulikwenda kila siku. Alinikumbatia akaniambia, "Mama, ni saa moja tu kwa ndege." Watoto wa hapa wanadhani umbali ni saa. Nilisimama mpaka akapotea, na nilimpungia mkono muda wote. Kwenye basi la kurudi kulikuwa na wafanyakazi wa uwanjani wamevaa vizibao vya njano kama chako. Mmoja alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kioo. Nikataka kumwambia kituo chake kisije kikampita, lakini sikujua anashukia wapi.

Ndege bado zinapita. Nasikiliza kama ulivyokuwa ukisikiliza, na sijui hata moja inatoka wapi.

Wiki hii nimepiga simu halmashauri. Mama mmoja kanisani aliniambia anayeishi peke yake hupunguziwa kodi ya nyumba, ila lazima aseme. Nikasubiri kwenye laini kwa muda mrefu, wakipiga muziki. Akapokea kijana mwenye adabu. Akaniuliza jina, akaniuliza anwani. Akaniuliza kama mume wangu bado anaishi hapa, nikasema hapana. Akaniuliza kuhusu binti yangu, nikasema amehama. Akaniuliza kama kuna mtu mzima mwingine yeyote.

"Kwa hiyo ni wewe peke yako?"

Sikuwahi kulisema kwa mtu, Baba Manka. Wala kwa mchungaji sikulisema, wala kwa Manka kwenye simu. Yeye namwambia nina shughuli nyingi. Kijana akafikiri laini imekatika, akaniita jina mara mbili.

"Ndiyo," nikasema. "Niko peke yangu."

"Vizuri sana," akasema, na nikasikia anaandika.

Lala salama, mume wangu. Nitanie kidogo ukipata nafasi.

Mkeo,
Mama Manka