Farasi Niliyemsogeza Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bwera. Ijumaa, 18 Agosti 1978, saa 3:40 asubuhi.

Jina: Kezironi Mbusa. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa redio. Makazi: Nyakiyumbu.

Namfahamu Sosthène, mwalimu wa hesabu wa Butembo, mliyemshika tangu Jumanne. Si jasusi. Kila Jumanne huvuka mpaka na kompyuta yake ndogo kikapuni, tukaipambanisha na yangu kwenye sataranji, katika karakana yangu hapa Bwera.

Programu ni ileile, tuliinakili sote kutoka karatasi alizotumiwa na rafiki yake wa Ubelgiji. Mitambo ndiyo tofauti. Yake ni mpya, inafikiri mara tatu haraka kuliko yangu, niliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza na inayokula betri ya gari. Tulitaka kujua mbio hizo zinaongeza nguvu kiasi gani. Kila mashine ilipewa dakika tatu kwa hatua. Kazi yetu ilikuwa kusogeza kete na kuandika tu.

Michezo tisa, yangu ilishindwa yote. Nilicheka, lakini iliniuma sana.

Mnamo tarehe 15 Agosti, saa 8 mchana, mchezo wa kumi ukiendelea, Sosthène alitoka kununua chumvi. Hatua ya kumi na tisa, mashine yangu ilitaka kusogeza kete ya askari. Niliona ni upumbavu. Nikaiingizia farasi, nikaandika farasi. Ikashinda.

Sosthène aliporudi alinikumbatia. Alisema, "Ndugu yangu, mbio haiko kila kitu! Nitaandikia rafiki yangu." Nikakosa ujasiri wa kumwambia. Aliondoka na karatasi ya mchezo. Saa 11 jioni askari wa mpakani waliikuta kikapuni, herufi na namba tupu, wakadhani ni ujumbe wa siri.

Jana afande Semu aliniita niurudie mchezo huo mbele yake kwa mashine zote mbili. Hatua kumi na nane zilifuata karatasi. Ya kumi na tisa, mashine yangu ilitoa askari, karatasi inasema farasi. Tulirudia mara tatu. Afande akasema, "Mashine haiwezi danganya. Ujumbe iko hapa. Kesho mutu huyu anaenda Kampala." Nikaenda nyumbani.

Namfahamu mtu mmoja aliyepelekwa Kampala. Hajarudi.

Leo nimekuja bila kuitwa. Mashine ilisema kweli na Sosthène alisema kweli. Mwongo ni mimi, na naona haya kwamba sikusema jana.

Hayo ndiyo niliyoyatenda. Nimesomewa, nakubali ni maneno yangu.

(Sahihi) K. Mbusa

Maelezo ya afisa: Shahidi ameingiza farasi mbele yangu. Hatua zote zilizobaki zimefuata karatasi mpaka mwisho. Mtuhumiwa amesomewa maelezo haya na kuachiliwa saa 6:15 mchana. Mlangoni shahidi alimnyooshea mkono. Mtuhumiwa aliuliza, "Na ile michezo ingine tisa, uliingiza mukono mu ngapi?" Shahidi alijibu, hata mmoja. Mtuhumiwa alichukua mashine yake akaondoka bila kuaga.

Sajini Semu